Kipimo cha Mfungua Maji

Jumatatu, 12 Januari

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Mimi mzima kwa maungo yote isipokuwa kidole gumba, ambacho cherehani yako ilikitoboa Jumamosi bila sababu yoyote. Naona bado haijakubali kwamba umeniachia mimi. Nikiikanyaga inanung'unika mpaka wateja wanageuka kutazama. Kifua chako kinaendeleaje huko kwenye hewa kavu? Hapa ukuta wa nyuma ya mlango bado unatoka jasho kama ulivyouacha.

Kazi ipo, tena ya kumwaga. Mwaka ukianza mji mzima unataka sare mpya. Kondakta wa treni, yule mfupi, amekuja tena nimwongezee kiuno, na anaapa kwamba kitambaa ndicho kinachonywea. Wauguzi wanataka mifuko mirefu, hawasemi ya kuwekea nini. Mlinzi wa benki anataka mabega yajazwe pamba ili wezi wamwogope, kisha akaniambia nijaze zaidi la kulia, maana ndilo linaloonekana kutoka barabarani. Na Fundi Saa wa ng'ambo ya barabara anakuja kila siku kuuliza kama cherehani inahitaji mafuta. Mafuta yenyewe hana. Anakuja kuniangalia, na mimi namwacha aangalie, kwa sababu mwezi wa sita si mbali na gauni la harusi nimeshaanza kulikata.

Sasa nikupe la Idara ya Maji. Dereva wao alileta kitambaa cha kijivu, akasema ni ovaroli ya mfungua maji, moja, kama kila Januari. Ulinielekeza niikate kwa ile karatasi uliyoitundika nyuma ya mlango, nisiongeze wala nisipunguze. Mama Mkubwa, karatasi imeliwa na unyevu. Nilipoigusa ilibaki mkononi vipande vipande kama mkate uliolowa. Nikamwambia dereva basi amlete mwenyewe nimpime. Akacheka sana. "Mfungua maji hajawahi kuonekana na mtu, dada. Asubuhi maji yanatoka, unakinga ndoo, basi. Wewe umeshawahi kumwona anayewasha jua?"

Nikamuuliza angalau ni mrefu au mfupi. Akasema kwa jinsi nguo kuukuu zinavyokuwa, ni mrefu. Na mrefu mtaani hapa ni nani kama si Twiga wako? Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba nguo haipimwi hewani, inapimwa mwilini, na ulinipiga na futi vidoleni siku niliyobisha. Kwa hiyo nimeishona, nimeivaa mbele ya kioo, nimejibana mapindo, nimepunguza mabega, mpaka ikanikaa kama nilizaliwa nayo. Ni kazi nzuri, ungeiona ungenisifu. Pipi ya mnanaa nimeitia kwenye mfuko wa ndani kama ulivyosema. Nilicheka peke yangu. Una mtu wako Idara ya Maji ambaye hujatuambia?

Mwanao,
Twiga


Jumanne, 20 Januari

Twiga,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama na hata sasa sijakaa.

Mtafute dereva leo hii. Mwambie umekosea na unaitaka ile ovaroli. Ukiipata, ifumue mishono yote, usiikate kwa mkasi, ifumue, kisha kitambaa ukiloweke. Vipimo vya mwenyewe ninavyo kichwani, nitakuandikia ushone upya. Mabega yake ni mapana kuliko yako na ya baba yako mkiunganishwa.

Usiniulize sababu. Kosa si lako. Ni mimi niliyekufundisha kupima mwilini halafu nikakuacha na kitu kisichopimwa mwilini. Lakini fanya haraka, mwanangu.

Usivae nguo yoyote ya kijivu.

Mama Mkubwa


Jumatatu, 2 Februari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Tumechelewa. Dereva alishaiweka mlangoni pa tangi la maji, lile la chini ya ardhi, siku ileile aliyoichukua, na kesho yake akakuta imekwenda. Ndivyo inavyokuwa siku zote, anasema. Anaiweka mpya, anaikuta kuukuu imekunjwa pale pale. Hiyo kuukuu ameniletea niifanye matambara ya kufutia cherehani.

Nimeitandaza mezani. Hayo mabega, lo! Mtu huyu akiingia dukani kwangu itabidi niondoe milango. Kiwiko cha kulia kimeisha kabisa, cha kushoto kizima. Na kwenye mfuko wa ndani nimekuta karatasi ya pipi imefungwa fundo dogo, dogo sana, kama la uzi. Ni nani huyu mwenye mikono mikubwa hivyo anayekaa kufunga karatasi ya pipi fundo?

Nilitaka nicheke mambo haya, lakini kuna vitu vinaniharibia kicheko. Ijumaa niliamka nikakuta viatu vyangu vimelowa. Vilikuwa chini ya kitanda, mlango umefungwa kwa ndani, paa halivuji. Jumanne vimelowa tena. Viganja vyangu vina kutu. Nimevisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa brashi ya viatu, haitoki. Fundi Saa alinishika mkono akauliza nimeshika chuma gani. Nikamwambia mkasi. Mkasi wangu unang'aa.

Halafu Dobi wa juu. Alikuja kuchukua mashuka aliyoniletea kupinda, akasimama mlangoni akaniambia, "Asante, leo umetufungulia mapema, nimemaliza kufua kabla jua halijakaza." Tukaangaliana. Akajikuna kichwa. "Mbona nakuambia wewe?" akasema, akaondoka na kusahau mashuka yake.

Huwa sikuogopi, ila barua yako imeniogopesha. Niambie kuna nini.

Twiga


Jumatano, 11 Februari

Twiga wangu,

Marahaba, mara mia marahaba. Usinune kwa ufupi wa barua hii, nina shughuli.

Yale ya ovaroli tuyaache kidogo. Huenda niliyakuza. Mtu akiishi peke yake mawazo yanamkalia kichwani kama wapangaji wasiotaka kuhama. Kutu sugulia ndimu na majivu. Viatu vitundike juu, usiviweke chini.

Kifua changu kimetulia. Nalala vizuri. Nina mgeni, mtu wa zamani, asiye na maneno mengi, na kumbe nyumba ikiwa na watu wawili hata sufuria zinalia vingine. Nimenunua kikombe cha pili. Muuza vyombo alitaka niondoke na seti nzima, nikamwambia kaka yangu, mimi nahitaji kimoja tu cha kukaa karibu na changu. Jana nilijikuta naimba huku naosha vyombo. Mimi! Jirani aligonga ukuta akadhani nimeanguka.

Ukija utanikuta nimenenepa. Niletee pipi za mnanaa, za huku si tamu.

Funga mlango mapema na ule ushibe.

Mama Mkubwa


Jumanne, 24 Februari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Ndimu haikufanya kitu, wala majivu.

Nakuandikia mchana, dukani, mlango uko wazi na watu wanapita. Asubuhi hii aliingia kondakta wa treni. Alipiga hodi, nikasema karibu. Akapiga hodi tena. Nikasema karibu baba, ingia, suruali yako iko tayari. Akatazama cherehani, akatazama mpaka nyuma yangu, akakaa kwenye kiti cha wateja akasubiri. Nilikuwa mbele yake, Mama Mkubwa. Ningenyoosha mkono ningemshika pua. Mwisho akasema kwa hasira, "Huyu fundi anaacha duka wazi anakwenda kuzurura," akajichukulia suruali yake akaondoka.

Walikuja wauguzi wawili, ikawa vilevile. Mlinzi wa benki vilevile, na yeye kazi yake ni kuona watu! Alisimama mbele ya kioo kujitazama bega la kulia, na mimi nilikuwa kati yake na kioo.

Nilidhani Fundi Saa ataniona. Alikuja saa yake ileile na chupa yake tupu ya mafuta. Akakaa. Akaita jina langu, lile la nyumbani analoliita yeye tu. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono, akaitoa na kuifuta kwenye suruali, akatazama viganja vyake vilivyoingia unyevu, kisha akatazama dari kama anatafuta panapovuja. Alikaa muda mrefu. Alipoondoka aliegesha mlango taratibu, kama mtu anayemfungia mgonjwa. Nililia mpaka nikachoka.

Anayeniona ni mmoja tu, dereva wa Idara. Alipita akapunga mkono, akasema, "Habari za chini?" Nikamjibu nzuri. Kwa nini nilimjibu nzuri?

Nimeanza kukumbuka vitu ambavyo sijavifanya. Ngazi ya chuma iliyo baridi. Gurudumu la koki ambalo lazima uliegemee ndipo ligeuke. Najua sasa kila mtaa una sauti yake maji yakiingia. Mtaa wa sokoni unakohoa kwanza, mtaa wa hospitali unavuta pumzi ndefu. Usiku wa kuamkia zamu ya maji nilijifungia na ufunguo nikautupa nje kwa dirisha. Asubuhi maji yalitoka kama kawaida, na viatu nilivyovitundika juu vilikuwa vinadondosha matone.

Nilikuuliza kuna nini ukaniambia ndimu na majivu. Safari hii nauliza swali jingine, na unijibu kama mtu mzima kwa mtu mzima. Ni nani anayekunywa kwenye kikombe cha pili?

Twiga


Ijumaa, 6 Machi

Mwanangu Twiga,

Marahaba. Ni mume wangu. Ni Baba Mkubwa wako, ambaye hukuwahi kumwona kwa sababu alipotea wewe hujazaliwa, na ukoo ukakubaliana kusema kwamba alikwenda kutafuta maisha mbali.

Hakwenda mbali. Alikuwa mfungua maji. Asubuhi moja alivaa ovaroli niliyomshonea, akateremka kwenye tangi, hakupanda tena. Walimtafuta kwa taa na kamba, hawakuona hata kiatu. Lakini maji yaliendelea kutoka, kila mtaa kwa zamu yake. Idara ikaajiri mwingine, akaja kwangu kupimwa. Nilimpima vizuri tu, kisha nilipokaa kukata, mkono ukanigomea. Nikakata kwa kipimo cha mume wangu. Sikukusudia, ndicho kipimo ambacho mkono wangu ulikijua. Yule mtu aliivaa ikamning'inia, akateremka mara moja, akapanda mbio akasema huko chini kuna mtu tayari yuko kazini. Akaenda zake kuuza magazeti. Baada ya hapo Idara haikuajiri tena. Walileta kitambaa, wakachukua nguo, maji yakatoka, na nani katika mji huu amewahi kuuliza kuhusu maji siku yanapotoka?

Ovaroli ya kwanza iliporudi niliikagua kama daktari. Kiwiko cha kulia kimeisha. Yeye huegemea koki kwa mkono wa kulia. Mwaka uliofuata nikatia pipi ya mnanaa mfukoni, karatasi yake ikarudi imefungwa fundo. Ndivyo alivyokuwa akifanya tangu uchumba wetu. Mimi karatasi ya pipi huizungusha kidoleni mpaka iwe pete, yeye huifunga fundo, na tulikuwa tukichekana. Hapo ndipo nilipoelewa. Ambaye kipimo chake kiko kwenye nguo ile, kazi ile inamshika. Wengine huwapelekea watu wao maua makaburini. Mimi nilimpelekea ovaroli, kwa sababu nilidhani siku nikiacha ndiyo siku atakayokufa kweli.

Wewe ulipoweka kipimo chako, chake kikaondoka. Mwishoni mwa Januari nilisikia hodi. Nilifungua nikamkuta amesimama, viatu vinachuruzika, kwenye mji ambao haujaona mvua tangu nihamie. Hajazeeka hata unywele, Twiga. Mimi ndiye bibi kizee niliyefungua mlango, na yeye alinitazama akavua kofia kama alivyokuwa akifanya.

Haongei. Anakula kidogo. Anakaa uani karibu na bomba, na likidondosha tone ananyanyuka. Mgongo wake ni baridi, blanketi halimpashi moto. Lakini yupo. Nina furaha, naona aibu kukuandikia wewe, lakini nina furaha ambayo nilishaisahau.

Dawa yako ninaijua. Nikishona nyingine kwa kipimo chake, ikawekwa pale mlangoni, wewe utarudi na yeye ataondoka. Nimekitandaza kitambaa mara mbili mezani, na mara mbili nimekikunja. Nipe muda kidogo, mwanangu. Mwezi huu uishe. Nimeishi naye kwa mifuko na viwiko miaka yote hii, niache nimwone usoni mpaka mwezi uishe.

Mama Mkubwa


Jumapili, 15 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua hii nimempa dereva aipeleke posta, kwa sababu mimi mwenyewe karani ananiruka kwenye foleni.

Nilikuwa nimeandika nyingine kabla ya hii, ya matusi. Nimeichana. Nilijiuliza, kama angekuwa Fundi Saa ndiye aliyepotea nikamkuta mlangoni akivua kofia, ningemtoa kwa ajili ya nani? Sikupata jibu la kujivunia.

Kwa hiyo sikuombi umrudishe. Ila usiniambie nisubiri mwezi uishe. Gauni langu la harusi lilikuwa limetundikwa ukutani, na jana nilisimama mbele yake nikajiuliza ni la mteja gani. Nilikumbuka baadaye, lakini ilichukua muda. Sauti za mitaa nazikumbuka zote, sura ya mama yangu inanitoka. Naogopa. Mwezi ukiisha, barua zako zitafika hapa na hakutakuwa na mtu wa kuzisoma, na huko chini kuna mmoja atakayekuwa anafungua maji vizuri sana.

Sijui utafanya nini. Nakupenda.

Twiga


Jumapili, 22 Machi

Twiga wangu, mwanangu,

Kwenye kifurushi hiki kuna ovaroli. Mpe dereva leoleo aiweke mlangoni, na mwambie akute yako imekunjwa pale ndipo aondoke. Usiivae. Usiiweke hata begani kuona urefu. Ukiniasi safari hii nitakuja kukupiga na futi popote nitakapokuwa.

Barua yako ilifika jioni. Nilimsomea yote kwa sauti. Alisikiliza huku anatazama bomba. Nilipomaliza akaingia ndani, akatoa kitambaa cha kijivu kabatini, akakitandaza mezani, akasimama mbele yangu na mikono imeachana kidogo na mbavu, vile wasimamavyo watu waliozoea kupimwa. Alikuwa tayari, Twiga. Hata hakunung'unika.

Nikachukua futi. Nikalizungusha kifuani pake, na mikono yangu ikakumbuka kila kitu, na nikashindwa kuita namba. Huyu mtu ameshafanya kazi ya kutosha. Kama kuna mtu duniani ambaye zamu yake imekwisha, ni yeye. Nikamwekea futi mkononi, nikageuka, nikampa mgongo.

Mimi nimeshona mji mzima, kuanzia wazima moto hadi wafagia barabara, na sijawahi kupimwa na mtu tangu niolewe. Mgongo wako mwenyewe huwezi kuupima. Alianza kwenye bega, akashuka mkono, akazunguka kiuno, polepole, kwa vidole vyake vya baridi. Alipofika kwenye bega la pili ndipo alipoongea, neno lake la kwanza tangu aje.

"Umepungua," akasema.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Miaka yote hiyo, halafu ananiambia nimepungua! Nikamwambia na wewe ungekuwa na mke mwenye busara ungemkuta amenenepa. Tukashona pamoja, mimi nakanyaga, yeye anavuta kitambaa upande wa pili. Nimejishonea vizuri, mapindo mawili, mifuko imara. Ni nguo yangu ya kwanza ambayo sikuikata kwa haraka ili niwahi ya mteja.

Usinililie. Kifua changu hakipendi unyevu, lakini nadhani huko chini mtu haumwi kifua. Siku hizi ambazo kifurushi kiko njiani ni zetu, mimi na yeye, na hatutoki ndani. Nikishaondoka mwandikie, umkumbushe kula. Kila Januari ushone kwa kipimo hiki. Nimekuchorea karatasi nyingine, usiitundike kwenye ukuta ule.

Na utie pipi mfuko wa ndani.

Olewa. Nenepa.

Mama Mkubwa wako


Jumamosi, 16 Januari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sijui kama mahali ulipo kuna mwanga wa kusomea, kwa hiyo nimeandika herufi kubwa. Barua hii naitia kwenye mfuko wa ndani, pamoja na ile pipi yako.

Nilifanya ulivyosema. Jioni ile dereva alipoondoka na kifurushi, nilikaa kwenye kiti cha wateja nikangoja. Asubuhi Fundi Saa aliingia, akasimama, akaangusha chupa yake tupu ikavunjika. "Ulikuwa wapi?" akauliza. Nikamwambia nilikuwa kazini. Kutu ilitoka kwa maji matupu. Tulioana mwezi wa sita na gauni lilinikaa. Kondakta wa treni alikuja na mke wake na tumbo lake, akasema chakula kilikuwa kizuri ila kitambaa cha suruali kimenywea tena.

Sikumwandikia Baba Mkubwa. Hakunipa nafasi. Siku chache baada ya wewe kuondoka, mchana, duka limejaa watu, nilisikia hodi ambayo wengine hawakuisikia. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, na sakafu chini yake imelowa. Kweli ningelazimika kuondoa milango. Aliingia kati ya wauguzi na mlinzi wa benki, hakuna aliyempisha na hakugusana na mtu. Akasimama mbele ya kioo. Akanyanyua mikono kidogo kutoka ubavuni.

Nilimwambia hapana, Baba Mkubwa, amekuachia kikombe chake, nenda nyumbani ukapumzike. Wauguzi walidhani naongea nao. Yeye alisubiri tu na mikono yake imenyanyuliwa, ananitazama kwenye kioo, na macho yake hayakuwa ya mtu anayerudi kazini. Yalikuwa ya mtu anayeogopa kuchelewa mahali. Nikachukua futi. Nguo haipimwi hewani. Nilipomaliza kipande cha mwisho nikageuka nichukue chaki, na nilipogeuka tena palikuwa na maji tu kwenye sakafu. Usiku uleule sikushona, nilingoja kukuche nione vizuri, kisha nikamshonea, na dereva akaiweka pale ilipowekwa yako. Kesho yake akakuta imekwenda, lakini yako haikuwa imekunjwa pale, naona hukutaka kutoka.

Kwa hiyo maji siku hizi yanatoka mapema kweli. Dobi anasema mabomba yana kelele mbili sasa, moja nzito na moja inayofuata nyuma yake haraka haraka, kama watu wanaogombana kwa upendo. Mimi naisikia pia. Siku za zamu naamka kabla ya mume wangu nikafungua bomba kidogo, nikasimama nikasikiliza. Nikiita jina lako, maji yanakatika, kisha yanaendelea. Sijamwambia mtu. Sasa siiti sana, nisije nikawachelewesha watu wa hospitali.

Jana dereva ameleta ovaroli kuukuu, zote mbili, zimekunjwa moja ndani ya nyingine. Ya kwake kiwiko cha kulia kimeisha. Ya kwako magoti. Mwaka uliopita sikujua kama atakuja, kwa hiyo pipi niliyokuwa nimetia ilikuwa moja, kwenye mfuko wako, na kwake nilisahau kwa kulia. Nimeingiza mkono kwenye mfuko wako nimekuta nusu ya karatasi, imezungushwa imekuwa pete. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wake. Nusu nyingine ilikuwa humo, imefungwa fundo.

Pete nimeivaa mpaka ikachanika. Mume wangu aliniuliza nalilia karatasi ya pipi, nikamwambia ndiyo.

Nimeshona mpya mbili, kila moja kwa kipimo chake, na kioo nilikifunika. Pipi nimetia moja tu, kwako, kama mwaka jana. Mgawane.

Twiga